Muulize Fundi: Magitaa ya mtumba, lipi lina hela na lipi litakuozea ndani?

Shikamoo fundi. Mimi kijana wa Temeke, napiga solo kwenye kwaya yetu na nimejikusanyia mtaji wa laki nne. Kuna mzee anashusha makontena ya vitu vya ndani kutoka Japan, kila mzigo ukija hayakosi magitaa mawili matatu, na anayauza elfu themanini mpaka laki na ishirini bila kujali ni gitaa gani. Nataka niwe nachukua, nasafisha, nauza. Nitajuaje lenye faida? Kijana wa Kwaya, Temeke

Marahaba mdogo wangu. Mtu anayeuza magitaa yote bei moja hajui anachouza, na riziki yako iko hapo hapo, ila ujue pia hawezi kukuambia lipi bovu kwa sababu na yeye hajui, kwa hiyo macho ni yako.

Wengi wakifika wanakimbilia kusoma jina kichwani. Jina liache kwanza, anza na shingo. Inua gitaa kama unalenga bunduki, jicho moja liwe kwenye kichwa, tazama ubavu wa shingo mpaka inapoingia kwenye boksi uone kama imenyooka au imejinyonga. Alafu bonyeza uzi mnene kuliko yote kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), na mkono wa pili uubonyeze pale shingo inapokutana na boksi, sasa chungulia katikati, kama freti ya saba hivi, kati ya uzi na freti. Vocha ya kukwangua ikipita kwa kubana, shingo nzima hiyo. Ikipita sarafu, imepinda. Kupinda peke yake sio msiba, magitaa mengi yana chuma ndani ya shingo cha kuirekebishia, tundu lake liko kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya boksi, tembea na spana zako za L ujaribu robo mzunguko tu. Kikitembea, mwambie mzee shingo imepinda (ni kweli imepinda) akupunguzie, ukifika nyumbani unainyoosha taratibu, robo leo robo kesho. Kikiwa kimekwama usilazimishe, rudisha gitaa, ondoka.

Baada ya shingo nenda kwenye briji, kile kibao juu ya boksi kinachoshikilia nyuzi. Kontena linapigwa jua wiki kwa wiki baharini na bandarini, gundi inalainika, na nyuzi zikiachwa zimekazwa zinavuta briji mpaka inabanduka. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza chini ya briji kwa nyuma. Kikiingia, gundi imeachia, inatengenezeka ila kazi hiyo uikate kwenye bei. La mwisho geuza gitaa utazame nyuma pale kichwa kinapoungana na shingo, pitisha ukucha. Ukisikia mstari mwembamba unaokatiza, kichwa kilishawahi kuvunjika kikaungwa, na gitaa la namna hiyo hata kama linalia vizuri thamani yake kwa wanaojua inashuka hata nusu.

Sasa ndio usome jina. Kutoka Japan tafuta Yamaha za FG zenye lebo nyekundu ndani ya tundu la sauti, imeandikwa Nippon Gakki, ndio jina la kampuni kabla haijajiita Yamaha Corporation mwaka 1987. FG180 ilianza kutoka 1966 na zile lebo nyekundu nyingi ni za Japan yenyewe, baadaye kazi kubwa ikahamia kiwanda cha Taiwan. Mbao zake zilizokauka miaka hamsini na kitu zina sauti ambayo gitaa jipya la bei ya chini halina, mwanamuziki akilishika mara moja halirudishi, nimeliona hilo kwa wateja wangu tena na tena. Kwenye ya umeme tafuta Greco, Tokai, Fernandes, na Ibanez za miaka ya 70. Wajapani kipindi kile walinakili magitaa ya Kimarekani vizuri mpaka mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson ikawapeleka mahakamani wasambazaji wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa, wakamalizana nje ya mahakama. Ukikutana na Squier (jina la pili la kampuni ya Fender) ambayo namba yake inaanza na JV, hizo zilianza kutengenezwa 1982, usilaze hela, chukua.

Hesabu yako iwe hivi. Tuseme umechukua kwa laki moja, nyuzi mpya elfu ishirini, nauli na vidude vingine elfu kumi, una laki na thelathini ndani. La kawaida uza laki mbili mpaka mbili na nusu kwa wanakwaya na wanafunzi, zungusha hela. Ila FG ya lebo nyekundu usimuuzie mwanakwaya bei hiyo kwa sababu tu una haraka, ipige picha nzuri, lebo ionekane, subiri mpigaji wa bendi au wa hotelini Zanzibar. Na usimalize laki nne yote siku moja, chukua mawili, nyingine ibaki ya nyuzi na matengenezo.

Kitu kimoja kuhusu huyo mzee wako: akikupa na amplifaya, geuza nyuma usome. Za soko la Japan ni volti 100, umeme wetu ni 230, ukichomeka bila transfoma inaungua hapo hapo na mteja yupo pembeni anakutazama.

Assalaam aleikum kaka. Babu yetu Mwenyezi Mungu amrehemu alikuwa mpigaji, katuachia gitaa kavu dogo la zamani, kichwani limeandikwa Gallotone. Mtu mmoja ataka kulinunua elfu tatu za Kenya, mwingine asema tulipige sprei na tulibadilishe vifunguo ndio lipate bei. Tufanyeje? Mjukuu, Likoni

Waaleikum salaam dada yangu. Sprei hapana, hapana kabisa. Huyo anayekushauri sprei anafikiria kuuza kabati. Kwenye gitaa la zamani mnunuzi analipia ile vanishi iliyochakaa, alama za vidole vya mpigaji, skrubu zilizoshika kutu, ukishazifuta hizo umebaki na gitaa dogo la bei nafuu lenye rangi mpya. Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Gallotone yalikuwa magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, hakuna aliyeyaona ya kifahari, lakini ndiyo yaliyowafikia watu wetu, na jina hilo hilo lilikuwa kwenye santuri: nyimbo za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, zilitolewa kwa lebo ya Gallotone. Gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles nalo lilikuwa Gallotone Champion, na mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Sikwambii hivyo ili upandishe bei mpaka huko, zile pauni zililipwa kwa sababu ya Lennon. Nakwambia ili uelewe kwamba hata lako lina mtu wake, na mtu huyo ni babu yako. Kama kuna picha amelishika, kama alipiga na bendi fulani, kama mama zenu wanakumbuka alilinunua wapi na mwaka gani, andikeni, wekeni pamoja na gitaa. Karatasi hizo ndizo zitalitoa kwenye elfu tatu.

Nyuzi zilegezeni kidogo likiwa limekaa, na lisikae juu ya kabati karibu na bati, joto la pwani na gundi kuukuu havielewani. Vifunguo vikiwa vimekufa fundi aweke vingine bila kutoboa matundu mapya, na vile vya zamani vitieni kwenye mfuko, vinauzwa pamoja na gitaa. Na kiukweli kama si shida ya hela, msiliuze.

Fundi, nimeona mtandaoni Gibson Les Paul laki sita, muuzaji yuko Arusha anasema nitume nusu kwanza. Nitume? Mdau, Dodoma

Usitume. Mwambie apige picha kichwa kwa karibu. Kile kifuniko kinachoziba tundu la chuma cha shingo kwenye Gibson ya kweli kina skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Nyuma ya kichwa za kisasa namba imegandamizwa ndani ya mbao pamoja na maneno Made in USA. Akianza kuzungusha maneno umeshapata jibu, na hata picha zikikubali, hela unatoa gitaa likiwa mkononi mwako.

Habari kaka mkubwa. Niko Leicester, Uingereza. Kuna mzee anauza Fender ya umeme anasema ni ya 1964, anataka hela ndefu. Nitajuaje ni kweli? Na nikitaka kupeleka magitaa nyumbani, nasikia kuna mbao zimekatazwa. Mtoto wa Tanga

Salama kabisa. Huyo mzee ametaja 1964 akijua anachosema, maana Leo Fender aliuza kampuni yake kwa CBS, kampuni kubwa ya Marekani, mwanzoni mwa 1965 na magitaa ya kabla ya hapo yana bei ya peke yake. Muombe afungue kile kibao cha plastiki, utazame migongo ya poti za volyumu, vile vidude vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha sauti. Kuna namba zimegongwa pale. Tuseme 1376612: 137 ni watengenezaji, CTS, 66 ni mwaka, 12 ni wiki. Poti ikisema 66 na risasi ya kuchomelea haijawahi kuguswa, hilo gitaa haliwezi kuwa la 1964. Ikisema 63 au 64 bado haijathibitisha kila kitu, poti zilikuwa zinakaa stoo, tazama pia tarehe iliyoandikwa mwisho wa shingo ikifunguliwa. Akikataa kufungua, muache na gitaa lake. Na kwa hela ya namna hiyo mlipe fundi wa huko aliangalie kabla hujatoa senti.

Mbao ni kweli. Rozwudi ya Brazil imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, haivuki mpaka kibiashara bila vibali, na magitaa ya Martin ya Marekani ya kabla ya 1970 mengi yana mti huo. Rozwudi nyingine, ukoo mmoja na mpingo wetu, vyombo vilivyokamilika vilisamehewa kuanzia Novemba 2019. Pembe ya ndovu kwenye gitaa la zamani, hata kipande cha kushikia nyuzi tu, usisafirishe kienyeji, ni kesi. Wewe leta Yamaha na Ibanez za kawaida, legeza nyuzi, jaza nguo kuzunguka kichwa ndani ya kasha, na ushuru mpigie hesabu wakala kabla ya kununua.

Fundi nilinunua gitaa la besi kwa kijana mmoja, sasa wazee wa kanisa fulani wamelitambua, wanasema liliibwa kwao na namba wanayo. Nimetoa laki mbili zangu. Nifanyeje? Naumia, Morogoro

Pole sana ndugu yangu. Kama namba inalingana, kuendelea kukaa nalo huku umeshajua ni kosa la jinai, hata kama ulinunua kwa moyo safi. Kila ukinunua kwa mtu usiyemjua piga picha kitambulisho chake na namba ya gitaa, andikishaneni mbele ya mjumbe, wanaouza mali ya wizi wanaishia hapo wanasema wanarudi kesho. Hilo la kanisa lipeleke leo kwa kupitia polisi au serikali ya mtaa, liandikwe kwamba wewe ndiye uliyelirudisha, na wape namba ya simu ya huyo kijana aliyekuuzia maana ndiye unayemdai laki mbili zako.