Bourbon ya kunywa mkitazama gofu

Uliyeuliza kinywaji rahisi cha bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi) cha kuwapa wageni mkitazama gofu: jaribu Arnold Palmer, chai baridi na maji ya limau yenye sukari, kilichopewa jina la yule mcheza gofu wa Marekani, kisha ongeza bourbon. Glasi moja ni bourbon mililita 45, chai 90, maji ya limau 90, barafu tele. Chai ipike kali, maana barafu itaizimua, na sukari ikoroge chai ingali moto. Ukiitia chai ikishapoa, sukari itatuama chini ya jagi kama mchanga. Bourbon usiimimine kwenye jagi. Iache pembeni kila mtu ajipimie, gofu huchukua saa nyingi na wengine wataendesha gari kurudi kwao. Mnanaa wa kupambia glasi ukikosekana, si neno.