Maji ya Deep Lake hayasuuzwi, wadogo zangu

Juzi nimemkuta kijana wa maabara ameinamisha chupa ya maji safi, yasiyo na chumvi, juu ya sampuli ya Deep Lake, ziwa la chumvi kali kule Antaktika. Nilipiga kelele mpaka pipeti ikamdondoka. Anisamehe, ila kosa lile nalifahamu kwa undani. Basi shikeni haya manne.

1. Lebo ziandikwe kwa penseli. Unyevu wa jokofu hula wino.

2. Daiatomu, mwani wa seli moja, zina ganda la silika, kama kioo. Ukishazichemsha kwenye hidrojeni peroksaidi unasuuza, unasuuza tena, la sivyo slaidi inajaa fuwele za chumvi. Nilisuuza hivyo miezi mizima, matope ya maziwa ya Vestfold Hills, Antaktika Mashariki, hadi mkono ukazoea. Kisha nikaletewa maji mabichi ya Deep Lake. Ziwa lile lina chumvi kama mara 10 ya bahari, halishiki barafu hata baridi ikikaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, na anayelilisha ni Dunaliella, mwani asiye na ukuta wa seli. Hujihami na chumvi kwa kujaza gliseroli, kimiminika kizito, ndani. Mimi nikammiminia maji safi, eti nimpunguzie chumvi! Maji yakaingia kwa pupa, seli zikapasuka. Kwenye hadubini nikaona ukungu wa kijani, basi. Nikaandika sifuri. Slaidi 11, sifuri 11, kwa mwandiko mzuri. Nikaenda kwa msimamizi kifua mbele: chumvi imeua kila kitu! Akauliza, "Umezimua kwa maji gani?" Nikamwonyesha chupa. Alivuta kiti, akakaa, akacheka mpaka akavua miwani. Sampuli ilikuwa imekwisha, na ya pili ilitaka meli na msimu mzima.

Kilichonitisha ni jinsi grafu yangu ilivyopendeza. Chumvi ikipanda, spishi hupungua kweli, kwa hiyo sifuri zangu zilikaa pale kama wenyeji. Wenye ganda wanasalia, walio uchi wanapotea, nawe unalisingizia ziwa.

3. Zimua kwa maji ya ziwa lilelile, yaliyochujwa.

4. Usiniambie "chumvi ya Ace Lake", ziwa jingine la Vestfold Hills. Ya kina kipi? Juu kuna maji mepesi, chini mazito yasiyochanganyika nayo wala kuwa na oksijeni, na wakazi wake ni wengine kabisa. Kuna mtu alimimina chupa za mita 5 na mita 20 kwenye ndoo moja "apate wastani". Ndiyo, yuleyule wa pipeti. Nampenda, ana bidii. Asubuhi hii nimempita anaandika lebo kwa kalamu ya wino.