Picha moja kwa siku, na mkono wa shangazi

*Safu ya Mzee wa Picha. Wasomaji wanauliza, mpiga picha mstaafu wa studio Malindi anajibu.*

Assalaam alaykum Mzee. Mwezi huu nimeingia chalenji ya picha mtandaoni. Kila asubuhi inatoka mada, unapiga picha moja kwa simu, unaandika mistari mitatu minne ya yale unayoyawaza, unaposti. Tuko watu wa kila pembe, wengi wao wa Ulaya na Marekani. Nimeipenda kwa kuwa nashinda nyumbani nikishona kofia za kuuza, na siku zangu zinakwenda bila mtu kuniuliza nimeona nini.

Mada ilipokuwa "asubuhi" nilipiga mkono wa shangazi ukiopoa mahamri karaini. Uso haupo, ni mkono tu na bangili zake. Hata adhuhuri haijafika, jamaa wa Mombasa wameshampigia simu: "Tumekuona unapika mahamri!" Tangu hapo shangazi amenuna. Akitaka kuniambia kitu anamtuma mtoto. Mimi naona sikukosa, uso sikuutoa.

La pili, baadhi ya mada hazina mahali hapa kwetu. Zinakuja "majani yanayopukutika" na "moto wa kuota". Na la tatu, nikiposti punda au mlango wa nakshi laiki zinamiminika. Nikiposti mambo yangu naambulia watu tisa. Niendelee au niache?

*Mshona kofia, Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Tuanze na shangazi, majani yatangoja.

Unasema uso haupo. Huko Langoni uso ni wa nini? Mwanamke anapita kichochoroni na buibui na nikabu, na walioketi barazani wanamjua kwa mwendo, kwa viatu, kwa kikapu alichoshika. Bangili ambazo hazijavuliwa tangu harusi yake zitashindwaje kumtaja jina? Kilichomuuma, naona mie, ni ile simu ya Mombasa: watu walio mbali wameliona karai lake naye mwenyewe hana habari kama lilipigwa picha.

Wapo watakaokuambia hizi ni aibu za kizamani. Usiwasikilize. Studio kwangu mabibi harusi walikuja jioni, pazia limeshushwa. Taa nilizipanga mapema, kisha nikatoka nikakaa kibarazani, na bibi niliyemfundisha kazi ndiye aliyepiga na ndiye aliyesafisha filamu. Mteja alikabidhiwa bahasha imefungwa, picha na negativu zake humo ndani. Picha ile ilikaa kashani, ikatolewa anapokuja mtu wa kuonyeshwa. Na sasa hivi, zama hizi za simu, nenda kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya bibi harusi, uone: mwenye shughuli anatangaza simu zote mikobani, na wasichana waliozaliwa na simu mkononi wanatii. Kwa hiyo usidhani shangazi yako yuko peke yake.

Ifute picha ile leo. Usiifiche tu, ifute. Halafu mwendee na simu yenyewe, saa ambayo hana kazi mkononi, umwonyeshe picha zako zote tangu ya kwanza, na maneno uliyoandika umsomee. Wakubwa wetu wengi hawajawahi kuonyeshwa tunayoyaposti, wanahadithiwa tu, na mwenye kuhadithia huongeza chumvi. Akimaliza kuona, muulize mkono wake unaruhusiwa au hauruhusiwi. Akikataa, limekwisha hilo, usirudi kesho kumbembeleza.

Ila jikoni kuna mengi yasiyo na jina la mtu. Piga mbuzi ya nazi baada ya kazi. Iweke karibu na mlango, inama mpaka simu iwe sawa na ule ulimi wa chuma. Utaona meno yamelika zaidi upande mmoja, kwa sababu mwenye kukuna ana mkono wake wa kawaida. Machicha yamenata kwenye maungio ya mbao. Na pale pa kukalia mbao imelainika ikawa inang'aa. Ukiandika chini yake nani alikufundisha kukuna bila kujikata, mtu wa nchi ya mbali atakuelewa, na hakuna wa Mombasa atakayepiga simu kusema ameitambua mbuzi.

Tena kofia! Barua yako nzima inasema habari ya chalenji, kofia umeitaja kwa maneno mawili ukapita. Kofia ya mkono inachukua muda gani kwisha? Wenzako wa Marekani hawajui, na vijana wengi wanaozivaa siku ya Ijumaa hawajui pia. Chukua iliyofika nusu, inyanyue kwenye dirisha ili mwanga upite katika vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, na upande ambao bado uache uonekane na mchoro wake wa kalamu. Hiyo ni picha ambayo mtalii haipati, hata akae Shela mwezi mzima.

Sasa mada. Waliozitunga wamo katika majira yao. Miti ya kwao huvua majani kati ya Septemba na Novemba, wakati kwetu ni demani na upepo wa kusi unapoteza makali. Lakini mti wa mkungu unao. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na kuna wakati unafagia chini ya mti unakuta rangi zote, kijani, manjano, mekundu kama damu. Posti hayo, uandike kwamba hapa hakuna baridi iliyoyaangusha. Moto wa kuota hatuna, ila tuna chetezo. Makaa, udi, moshi unaopanda kwenye nguo zilizoanikwa juu yake. Usiku wa kuamkia Ijumaa utakuwa na picha bila kutoka ukumbini. Mada ikikushinda kabisa, iruke. Hakuna atakayekuja kukudai.

Kuhusu laiki nitakuwa mfupi, maana jambo lenyewe linanichosha. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na ni mlango gani wa nakshi wa mtaa wa Mkomani ambao haujapigwa picha tangu hapo? Punda naye hana siri tena. Wanaokupa laiki za punda wanampa punda. Wale tisa ndio wako. Angalia wangapi kati yao wamekuandikia neno, uwajibu. Lamu ilijua kujipigia picha yenyewe zamani: marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapo mjini, akikata sura za wateja na kuziunga ndani ya maumbo mengine, kazi ya mkasi na gundi na chumba cha giza, na aliokuwa akiwafurahisha ni watu wa Lamu. Leo wataalamu wa sanaa wanazichambua picha hizo. Yeye alikuwa anatafuta riziki mtaani kwake.

Endelea, mwanangu. Na vichochoro vyenu visikutishe kwa kiza: kuta zile nyeupe za chokaa hurudisha mwanga, na kivulini mwanga ni laini kuliko wa ufukweni. Saa sita mchana ndiyo iache, jua likiwa utosini linakata picha vipande viwili.

Shikamoo Mzee. Mimi ni dereva wa tuktuk. Tangu Januari napiga picha moja kila siku, usiku naiposti na maneno machache ya siku hiyo. Mwezi uliopita mama alilazwa, nikakosa siku nyingi mfululizo. Kundi letu lina sheria: ukikosa umetoka. Kwenye simu nina picha za zamani, je nizitumie kujaza mapengo? Tena nikizitazama zote pamoja naona zinafanana: barabara, bahari, barabara.

*Dereva, Malindi*

Marahaba, na pole kwa mama. Mwenyezi Mungu amrudishie afya.

Usijaze. Picha ya Machi ukiibandika Juni, wewe mwenyewe baada ya miaka miwili hutajua tena ipi ni ya kweli. Acha pengo, na siku uliyorudi andika: "Mama alikuwa hospitali." Hayo ni maneno matatu, na yanatosha kwa siku zote hizo. Na hao wa "umetoka", waage kwa heshima uendelee peke yako. Kalenda si yao.

Nikupe mfano wa mtu. Jamie Livingston, wa New York, alianza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja kwa siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa karatasi hapo hapo. Alifanya hivyo mpaka tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, na ndiyo siku aliyotimiza miaka 41. Mtandao wa kurushia picha haukuwepo, laiki hazikuwepo. Rafiki zake ndio waliozipanga zote, wakazionyesha mwaka 2007 katika chuo alichosoma, Bard, kisha wakaziweka kwenye intaneti. Ukizipitia, nyingi ni za mambo madogo kabisa: chakula mezani, marafiki wamekaa, mtaa. Moja moja zinaweza kukuchosha. Ukizifuata kwa mpango unafika penye hospitali, na hapo ndipo unapogundua umeshamzoea mtu ambaye hukuwahi kumwona. Basi ikitokea tena mama amelazwa na moyo wako unataka kupiga, piga: chupa ya uji uliyomletea, leso yake begani kwa kiti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani usiwaguse.

Kufanana kwa picha usikuogope, kutumie. Chagua sehemu moja ya ufuo, simama palepale kila Ijumaa, bahari ijae nusu ya picha. Wewe mtu wa Malindi unajua maji yetu hayakai rangi moja. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto Sabaki unashuka na udongo wa njia nzima, tangu huko juu unakoitwa Athi. Unaumwaga baharini kaskazini ya mji, na upepo wa kaskazi ukishaingia unausukuma upande wetu mpaka ghuba inakuwa kahawia. Mgeni wa hoteli analalamika kwamba bahari imechafuka. Wewe mwishoni mwa mwaka utakuwa na picha zako zimepangwa safu, na mwenye macho atasoma humo mvua ilinyesha lini Ukambani. Nguzo ya Vasco da Gama waachie wengine, imeshapigwa ya kutosha.

Na tuktuk yenyewe! Kila abiria wa mwisho akishuka, tazama kiti cha nyuma kabla hujapangusa. Punje za mchele, gamba la samaki, ua la asumini lililochomoka kwenye nywele za mtu, tiketi ya basi. Piga hivyo, usimpige abiria. Na injini iwe imezimwa, tafadhali. Nimeshawaona wenzako wakiendesha kwa mkono mmoja pale kwenye mzunguko.

Mzee, habari za siku. Nafundisha watoto wa chekechea. Nataka tufanye chalenji ya wiki moja, "Siku yangu shuleni", niposti picha za watoto kwenye ukurasa wa shule. Mwalimu mkuu amekubali. Kuna ubaya?

*Mwalimu, Shela*

Njema, mwalimu. Mwalimu mkuu si mzazi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwa mtoto idhini inatoka kwa mzazi au mlezi wake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Chekechea yenu ina pesa hizo?

Kwa hiyo karatasi kwanza, kila mzazi aweke sahihi yake, na asiyetaka mtoto wake asitengwe pembeni kama mwenye ugonjwa. Au fanya lililo rahisi na, kwa macho yangu, zuri zaidi: wape watoto wenyewe simu yako kwa zamu, wapige wanachokitaka isipokuwa watu. Utaletewa viatu vimerundikana mlangoni, paka chini ya dawati, mguu wa meza kwa karibu mno. Kisha muulize kila mmoja kwa nini kapiga hicho, uandike jibu lake vilevile alivyolitamka, bila jina.

Kabla hujawapa simu, ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime sehemu ya kuhifadhi mahali. Simu nyingi huandika ndani ya picha pahali ilipopigwa. Mitandao mikubwa huyaondoa maandishi hayo ukiposti, na WhatsApp pia ukituma kama picha ya kawaida. Lakini ukiituma kama faili, ili isipoteze ubora, yanakwenda nayo yote, hadi mlango wa darasa lako. Kwa zile ulizokwisha kupiga, usizitume kwa njia ya faili.