Maswali ya Wasomaji: Rivolva za Mtutu Mrefu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki kihalali rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya risasi za .357 Magnum na mtutu wa inchi 4, nami huitumia kulenga shabaha tu. Binamu yangu aliyeko Marekani ananishauri nitafute ya inchi 6 au hata 8, kwa hoja kwamba mtutu mrefu huipa risasi nguvu zaidi. Je, mlenga shabaha ananufaika na nini hasa?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Anachosema binamu yako ni kweli, lakini hakikuhusu sana. Ndani ya mtutu mrefu gesi ya baruti huisukuma risasi kwa muda zaidi, hivyo risasi hutoka na kasi kubwa kidogo. Karatasi iliyosimamishwa mita 25 mbele yako, hata hivyo, itatobolewa na kasi yoyote kati ya hizo. Faida yako iko kwenye nafasi iliyopo kati ya alama ya kulengea ya mbele na ile ya nyuma. Tuseme nafasi hiyo ni milimita 150 katika rivolva yako na milimita 200 katika ile ya inchi 6, na kwamba mkono umetikisika, alama ya mbele ikahama kwa milimita 1 tu. Kwa umbali wa mita 25, rivolva fupi itaikosesha risasi kitovu kwa milimita 167 hivi, na ndefu kwa milimita 125. Katika shabaha ya kimataifa ya mita 25, ambayo duara lake la katikati, la alama 10, lina kipenyo cha milimita 50, hiyo ni tofauti ya kupata alama 4 na kupata alama 6, ilhali kosa la mkono ni lilelile.

Mtutu wa inchi 8 ungeongeza faida hiyo, lakini mimi nisingekushauri uufuate. Rivolva ya inchi 6 ya aina ya Colt Python, iliyoingia sokoni mwaka 1955, tayari ina uzito wa takriban kilo 1.2. Uzito huo ukiwa mbele hupunguza mruko wa mtutu, jambo ambalo ni zuri. Lakini anayelenga kwa mkono mmoja ulionyooshwa, kama kanuni za kimataifa zinavyotaka, ataiona alama ya mbele ikianza kucheza kabla hajamaliza mfululizo wake wa risasi. Isitoshe, kanuni hizo zinaweka kikomo cha mtutu kuwa milimita 153 katika mashindano ya bastola ya mita 25, na inchi 6 ni milimita 152.4. Ya inchi 8 ingebaki ya mazoezi na ya kuonyesha wageni.

Kwa mazoezi, rivolva ya .357 Magnum hukubali pia risasi za .38 Special, ambazo zina kishindo kidogo na hazimfundishi mtu kufumba macho anapofyatua. Hakikisha kwanza kwamba kibali chako kinaziruhusu. Tena, kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba ambao hutoa gesi ya moto pembeni kila unapofyatua. Waliozoea bastola za magazini husahau jambo hilo, wakaweka kidole gumba cha mkono wa pili hapo hapo.

SWALI: Marehemu baba yetu ameacha kabatini rivolva ya Webley Mk VI ndani ya mkoba wa ngozi. Imeanza kushika kutu. Ningependa kuihifadhi kama kumbukumbu ya familia, na fundi mmoja amejitolea kuing'arisha iwe kama mpya.
Msomaji, Upanga

JIBU: Pole kwa msiba. Kabla ya kutu, shughulikia kibali: alichokuwa nacho marehemu kilikuwa chake binafsi, hakirithiwi pamoja na kabati. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ueleze kilichopo nyumbani, kisha ufuate watakavyokuelekeza kuhusu kuisalimisha au kuomba umiliki chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiibebe mwenyewe kwenye daladala eti unaipeleka kusajili.

Ukishakubaliwa, mshukuru fundi na umuage. Mk VI, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1915 ikiwa na mtutu wa inchi 6, hupendwa na wakusanyaji kwa rangi yake ya awali hata ikiwa imechakaa. Ikisuguliwa, kingo zake hulika, maandishi na namba zake hufifia, na thamani hushuka pamoja navyo. Kutu nyepesi huondolewa kwa mafuta na kitambaa, taratibu. Itoe pia kwenye mkoba, maana ngozi hunyonya unyevu, na katika mji wenye upepo wa chumvi kama Dar es Salaam mkoba hugeuka kuwa mlezi wa kutu, hasa wakati wa masika.

Mwombe mtaalamu aangalie pia sehemu ya nyuma ya silinda. Nyingi za Mk VI zilichongwa hapo ili zipokee risasi za .45 ACP badala ya .455 zilizokusudiwa. Iliyochongwa hupungua thamani, na risasi za kawaida za .45 ACP zina shinikizo kubwa kuliko lile iliyoundiwa.

SWALI: Kuna mtu ananiuzia kwa njia ya mtandao Colt yenye mtutu wa inchi 12, akidai ni ya "Buntline" ya karne ya 19, kama aliyopewa Wyatt Earp, yule askari maarufu wa Marekani ya zama hizo. Niamini?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kisa cha Earp kupewa bastola hiyo kilienezwa na kitabu cha mwaka 1931, miaka miwili baada ya yeye kufariki, na hakuna kumbukumbu ya kiwandani inayokithibitisha. Colt ilianza kuuza rivolva kwa jina la Buntline Special mwaka 1957. Mwambie muuzaji akuletee barua ya kumbukumbu za kiwanda cha Colt inayotaja namba ya silaha hiyo na urefu wa mtutu ilipotoka kiwandani. Mtutu unaweza kubadilishwa na fundi yeyote, hivyo bila barua hiyo unanunua maneno. Na hata barua ikipatikana, usitume fedha kabla polisi hawajakupa kibali cha kuiingiza nchini.