Trela Linaloyumba: Kiungio Kipi Kifungwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, navuta trela la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, ambalo likishapakiwa hufikia kilo 2,500. Kila lori kubwa linaponipita, trela hutikisa mkia na usukani huwa mwepesi mikononi. Fundi mmoja ananishauri nifunge chuma cha msuguano, mwingine anasisitiza kiungio cha kugawanya uzito. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, pima kwanza uzito unaolalia tufe la kuvutia, lile la nyuma ya gari ambalo trela huunganishwa nalo. Kwa trela lako unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, yaani kilo 250 hadi 375. Ukipungua hapo, chanzo ni upakiaji, pengine baiskeli zilizoning'inizwa nyuma au tangi la maji lililo mkiani, na hakuna kiungio kitakachoponya kosa hilo, ingawa si kila muuzaji atakuambia.

Wepesi wa usukani unaoueleza unanipa shaka kwamba nyuma ya gari imedidimia na magurudumu ya mbele yamepungukiwa uzito. Chuma cha msuguano, ambacho hubana kwa vipande vinavyofanana na vya breki, huzuia trela lisigeuke ovyo, lakini hakirudishi uzito huo mbele. Tena aina nyingi hutakiwa kufunguliwa kabla ya kurudi nyuma kwa kukata kona, na mvua huzipunguzia nguvu.

Kwa hiyo mimi ningechagua kiungio cha kugawanya uzito, ambacho vyuma vyake viwili vya springi hurudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, na kiwe cha aina ambayo vyuma hivyo vina msuguano wake wenyewe, mradi kitabu cha gari lako kinakiruhusu, kwani baadhi ya watengenezaji wa magari hukikataza. Ufungaji wake ndio wenye kazi. Pima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele: tuseme ni sentimita 90 gari likiwa peke yake na 94 baada ya kuunganisha trela. Kaza vyuma mpaka kipimo kirudi 92 au chini yake, kadiri kitabu kinavyoagiza, bila kushuka chini ya 90.

Ipo pia aina ya kiungio iliyobuniwa na Jim Hensley wa Marekani, ambayo kwa mikono yake ya pembeni husogeza mbele kitovu cha mzunguko, yaani mahali trela linapogeukia, hadi karibu na ekseli ya nyuma ya gari, hivyo upepo hukosa pa kushika. Ni nzuri sana, ila ni nzito na ya gharama. Ningewaachia wenye matrela marefu zaidi.

Trela likianza kuyumba kabla hujalirekebisha, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na kama una swichi ya mkono ya breki za trela, itumie hiyo taratibu, wala usikanyage breki za gari kwa nguvu.