Kwa wakufunzi wapya wa michezo na dabke huko Palestina

Kila kundi jipya linapowasili Ukingo wa Magharibi, makosa yaleyale hurudi, nami nimechoka kuyaona yakiwaumiza vijana ninaowapenda.

Kwanza, msiwahoji vijana mara baada ya mazoezi. Hivi karibuni, katika kambi moja ya wakimbizi karibu na Bethlehem, vijana walikuwa wamecheza dabke, ngoma ya asili inayochezwa kwa mstari huku wachezaji wakishikana mikono, mpaka jasho likawatiririka, huku wakibishana ni nani aliyepoteza hatua, ndipo mkufunzi mgeni akawaketisha chini na kumtaka kila mmoja asimulie usiku ambao askari wa Israeli waliingia nyumbani kwao. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Binti aliyekuwa lawih, yaani yule anayetangulia mstari akizungusha leso na kuamua ni lini miguu yote ipige chini kwa pamoja, aliikunja leso yake, akaikunja tena, mpaka ikatoshea kiganjani. Alijibu kwa neno mojamoja, na juma lililofuata hakuja. Muda mfupi kabla ya hapo wenzake walikuwa wakimfuata yeye; ghafla akafanywa mtu wa kuhurumiwa mbele ya walewale. Kwa kijana ambaye hata safari ya kwenda kwa shangazi yake huamuliwa na askari wa kituo cha ukaguzi, ule uongozi wa mstari si jambo dogo. Majeraha ya moyo yana wataalamu wake. Kijana akitaka kuzungumza, atawafuata ninyi kwa hiari yake, mara nyingi wakati wa kukusanya mipira.

Pili, barabara ikifungwa msifute kipindi. Waliomo kambini wafanye mazoezi, na walio nje wapewe taarifa mapema. Pangeni mazoezi yanayotosha katika uwanja mdogo. Hata Marathoni ya Palestina, iliyoanza Bethlehem mwaka 2013, huwapitisha wakimbiaji njia ileile zaidi ya mara moja, kando ya ukuta uliojengwa na Israeli na kambi ya wakimbizi ya Aida, kwa sababu kilomita 42 za mfululizo hazikupatikana. Kijana anayeikimbia mbio hiyo anajua mengi kuhusu kuishi mahali palipobana kuliko kitabu chochote cha ukocha mlichobeba.

Tatu, msiifanye dabke kuwa pambo la kuwakaribisha wafadhili kabla ya mechi. UNESCO iliiandikisha katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, lakini kikundi cha ngoma cha El-Funoun cha mji wa Al-Bireh kimekuwa kikiilea jukwaani tangu 1979, na watoto huijua kutoka harusi za jamaa zao. Walimu ni wenyeji. Ninyi shikeni mikono mstarini na mjifunze hatua. Kuhusu kuwachanganya wavulana na wasichana, waulizeni wazazi, kwani majibu hutofautiana kati ya mahali na mahali.

Nne, msiahidi viatu, ligi wala safari ambazo hamjazipatia fedha na vibali. Msafara ukizuiwa, waambieni vijana siku hiyohiyo, ana kwa ana, kabla hawajaanza kufungasha.