Usiandike barua ya kuacha kazi kwa hofu

Mwaka 2014 nilikuwa afisa utumishi wa kampuni moja hapa Dodoma. Ofisini zikazuka tetesi kwamba kijana wetu wa uhasibu anapenda wanaume wenzake. Hakuna aliyeona chochote, na vitabu vyake vilikuwa safi. Bosi akaniambia, "Dada, mpe karatasi aandike mwenyewe." Nikampa. Akaandika "sababu binafsi" huku mkono ukitetemeka, nami nikagonga muhuri. Akatoka akisema, "Asante, dada." Asante ile inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana kila Oktoba 11 namkumbuka Frank Kameny, aliyefariki siku hiyo mwaka 2011. Alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya nyota mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, na alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 idara ya ramani ya jeshi ilimfukuza kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Wengi waliokumbwa na hilo walijiuzulu kimyakimya. Kameny alikataa. Alikata rufaa ngazi kwa ngazi, na wakili wake alipojitoa, akaandika mwenyewe hoja za kupeleka mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1961 ikakataa kumsikiliza. Hakunyamaza: mwaka 1965 alisimama na bango mbele ya ikulu yao. Marufuku ile katika utumishi wa umma iliondolewa 1975, na serikali ikamwomba radhi 2009, akiwa na miaka 84.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, hata VVU, lakini hili haikulitaja. Na sheria ya jinai ni kali. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiitwa kikaoni usizungumze ya chumbani, si kukiri wala kukana. Uliza umekosa nini kazini, na uombe tuhuma kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inamdai mwajiri sababu halali na utaratibu wa haki. Usisaini chochote siku hiyo. Ukiachishwa, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Ukishaandika "sababu binafsi", kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni kazi kubwa.

Nawe uliyekalia kiti nilichokalia mimi: ukiambiwa umpe mtu karatasi, mwombe bosi aliandike agizo hilo na kulisaini. Mimi sikumwomba.